Maji ya Mlonge Shambani: Kuyakamua, Kuyachanganya na Kuyapulizia kwa Kipimo

Wakulima wengi wa ukanda wa joto, kuanzia Tanga na Morogoro hadi Dodoma na Singida, wana mti mmoja au miwili ya mlonge kando ya nyumba, na huichuma kwa ajili ya mboga au kukausha majani ya unga. Wachache wanajua kwamba machipukizi ya mti huohuo, yakitwangwa yakiwa mabichi na kukamuliwa, hutoa maji ya kijani ambayo yakipuliziwa kwenye majani ya mazao huchochea ukuaji na kuongeza mavuno. Mwaka 2001, katika mkutano wa kimataifa kuhusu mlonge uliofanyika Dar es Salaam, Nikolaus Foidl pamoja na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Hohenheim cha Ujerumani walieleza majaribio yaliyofanyika Nikaragua, ambako maji hayo yalipuliziwa kwenye mazao kama kitunguu, pilipili hoho, soya, mahindi na mtama, wakaripoti ongezeko la mavuno la kati ya asilimia 20 na 35. Baadaye watafiti wa Zimbabwe waliyajaribu kwenye nyanya, mahindi na maharage, na wale wa Faisalabad nchini Pakistani wakayatumia kwenye ngano na mahindi, hata katika kuloweka mbegu.

Takwimu hizo ni za mashamba ya majaribio, yaliyopaliliwa na kumwagiliwa kwa wakati. Nazitaja ili ionekane kwamba jambo hili lina msingi, lakini mkulima asizichukue kama ahadi ya kile atakachovuna katika shamba lake. Namna ya kupata jibu la shamba lako mwenyewe nitaieleza mwishoni, na kwangu hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachofanya kazi ndani ya maji hayo. Majani machanga ya mlonge yana homoni za mimea za kundi la saitokinini, hasa ile iitwayo zeatini, ambayo ilipata jina lake kutokana na jina la kisayansi la mahindi, Zea mays, kwa kuwa ilitenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka katika punje changa za mahindi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Homoni za kundi hili zimo pia katika maji ya dafu, ndiyo maana maabara za kuzalisha miche kwa vipande vya mimea zimekuwa zikiyatumia kwa miaka mingi. Kazi yake ni kuhimiza seli zigawanyike, kuchipusha matawi ya pembeni, na kuchelewesha majani kuzeeka, hivyo mmea hubaki wa kijani na kuendelea kutengeneza chakula chake kwa siku nyingi zaidi. Majani ya mlonge yana pia vitamini C na madini kama kalsiamu na potasiamu, lakini yakishachanganywa na maji mengi kiasi cha madini kinachofika kwenye jani la nyanya ni kidogo mno kuweza kuitwa mbolea.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Maji ya mlonge ni kichocheo. Hayachukui nafasi ya samadi, mboji wala mbolea ya dukani. Mmea uliochochewa ukue haraka huhitaji chakula zaidi, kwa hiyo ukiyapulizia kwenye udongo uliochoka utapata majani mazuri ya wiki mbili, kisha mmea utasimama. Wala si dawa ya kuua wadudu kama ilivyo mwarobaini. Mwenye kantangaze au kiwavijeshi shambani ashughulike nao kwa njia zinazowahusu.

Kazi yenyewe huanza kwenye mti, siku arobaini kabla ya kukamua. Machipukizi yanayofaa ni yale yenye umri wa takriban siku 40 tangu mti ukatwe, yakiwa na majani laini pamoja na vijiti vyake vichanga vinavyovunjika kwa vidole bila kuacha nyuzi. Majani makuukuu ya mti mrefu ambao haujaguswa kwa mwaka mzima hayana nguvu hiyo, na huu ndio msingi wa malalamiko mengi ya watu wanaosema walijaribu wasione kitu. Kwa hiyo usitegemee mti mmoja mrefu. Panda mlonge kama ua, mbegu au vipandikizi kwa nafasi ya nusu mita hivi, na ukifika kimo cha mtu uukate hadi usawa wa kiuno. Gawa ua huo katika vipande vitatu au vinne na ukate kipande kimoja kila baada ya wiki mbili, ili daima uwe na sehemu yenye machipukizi yaliyofikia umri unaotakiwa. Anayetaka kupulizia nyanya zake kwa mara ya kwanza wiki ya pili baada ya kuota ahesabu kurudi nyuma: kipande cha kwanza cha ua kinapaswa kukatwa karibu wiki tatu kabla ya mbegu kuingia kitaluni.

Kata machipukizi alfajiri, yakiwa bado na unyevu wa usiku, uyaweke kivulini na kuyafunika kwa gunia lenye unyevu. Kwa bomba moja la mgongoni la lita 16, kilo mbili za machipukizi zinatosha na kubaki. Yaoshe kwa maji safi, yakatekate, kisha yatwange kwenye kinu ukiongeza maji kidogo kidogo. Kipimo kilichotumiwa Nikaragua ni lita moja ya maji kwa kila kilo kumi za machipukizi, yaani glasi ndogo tu kwa kilo zako mbili. Mwenye mashine ya kusaga matunda anaweza kuitumia, ila asage kidogo kidogo ili mashine isipate moto. Twanga mpaka vijiti visionekane na kinu kianze kutoa povu la kijani lenye harufu kali inayokaribiana na ya haradali. Harufu hiyo ikiwa hafifu, ama majani yamekomaa mno au yamekaa sana tangu yachumwe.

Ukamuaji ni kama wa tui la nazi, na kifumbu kinafaa kabisa kama huna kitambaa kizito cha pamba. Songoa kwa nguvu mpaka makapi yawe makavu mkononi. Tofauti na nazi, hapa hakuna tui la pili: yale maji mazito ya mwanzo ndiyo unayoyataka, na ukirudishia maji kwenye makapi na kukamua tena utapata kitu ambacho nguvu yake huijui, na kipimo chako chote cha kuchanganya kitakuwa kimeharibika. Chuja mara ya pili kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa, kwa sababu chembe ndogo zinazopenya kifumbu ndizo zinazoziba mdomo wa bomba katikati ya tuta. Makapi wape mbuzi, au yatupe kwenye shimo la mboji.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Maji hayo yanapaswa kuwa yamekwisha kupuliziwa ndani ya saa tano tangu kukamuliwa, kwa kuwa vimeng'enya na vijidudu huanza mara moja kuyavunjavunja yaliyomo, na joto huharakisha uharibifu huo. Usiyachemshe, usiyaanike juani, wala usiyaache kwenye ndoo hadi kesho. Kama una friza unaweza kuyagandisha siku hiyohiyo katika chupa za nusu lita na kuyeyusha chupa moja kila unapopulizia. Kwa asiye na friza, ni afadhali kukamua kidogo mara nyingi kuliko kukamua ndoo nzima ya kuhifadhi.

Kipimo cha kuchanganya ni sehemu moja ya maji ya mlonge kwa takriban sehemu 32 za maji. Kwa lugha ya bomba, nusu lita ya maji ya mlonge ndani ya bomba la lita 16 lililojazwa hadi alama inakupa kipimo hicho bila hesabu ya ziada. Kwa bomba la lita 20 tia mililita 600 hivi, na kwa la lita 15 punguza kidogo chini ya nusu lita. Usishawishike kuongeza ukidhani kwamba ukali huleta faida zaidi, kwani homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, na dondoo lililo zito la mlonge linaweza kudumaza mche badala ya kuukuza. Maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi ndiyo bora; ya bomba la mjini yaache wazi usiku mmoja ili klorini itoke. Kwa kitunguu na kabichi, ambazo majani yake yana nta na maji huteleza juu yake kama yanavyoteleza juu ya jani la gimbi, ongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa bomba zima ili matone yashike.

Kabla ya kutia chochote, hakikisha unalijua bomba lako. Msimu mmoja niliazima bomba la jirani nikiwa na haraka, nikalisuuza mara moja kwa maji baridi, nikapulizia matuta mawili ya nyanya zilizokuwa zinakaribia kuchanua. Baada ya siku tatu majani ya juu yalikuwa yamejikunja na kuwa membamba kama nyuzi, shina limepinda, na maua yaliyofuata yakapukutika. Nililaumu mlonge mpaka nilipouliza na kuambiwa kwamba bomba hilo lilitumika kupulizia kiuagugu kwenye mahindi. Nyanya haistahimili hata mabaki ya dawa za aina hiyo zilizong'ang'ania kwenye mpira na chujio. Tangu siku hiyo nina bomba moja ambalo halijawahi kuonja kiuagugu, nimelifunga kitambaa cheupe kwenye mpini ili asije mtu akalichanganya na lingine, na ninamshauri kila mkulima afanye hivyo.

Pulizia asubuhi na mapema, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja, wakati jua si kali na upepo umetulia, ili majani yabaki na unyevu kwa muda wa kutosha kuyanywa maji hayo. Lenga upande wa chini wa majani sawa na upande wa juu, kwa ukungu mwembamba, na usimame kabla matone hayajaanza kudondoka ardhini. Kipimo cha majaribio ya Nikaragua kilikuwa mililita 25 kwa kila mmea, kiasi cha vijiko vitano vya chai. Mawingu ya mvua yakiwa yametanda, ahirisha, maana mvua ikinyesha muda mfupi baadaye kazi yako yote inaoshwa.

Kuhusu nyakati, mpango uliofuatwa Nikaragua ni kupulizia mara ya kwanza siku kumi baada ya miche kujitokeza, mara ya pili takriban siku 30 kabla ya kuchanua, mara ya tatu mmea unapotunga mbegu, na mara ya mwisho wakati wa kukomaa. Kwa nyanya mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu zao hili huchanua na kuzaa kwa mfululizo. Katika majaribio ya Zimbabwe yaliyochapishwa mwaka 2012, miche iliyopuliziwa kila baada ya wiki mbili tangu wiki ya pili hadi kukomaa iliipita ile iliyopuliziwa mara moja au mbili tu. Nami kwa nyanya na pilipili hoho hufuata mwendo huo wa wiki mbili mbili, isipokuwa siku ya kuhamisha miche na zile tano au sita zinazofuata, ambapo huuacha mche utulie kwanza. Kwa mchicha na mboga nyingine za majani zinazovunwa ndani ya mwezi mmoja, mara mbili zinatosha. Mlonge wenyewe ni mboga, hivyo hakuna sumu ya kusubiri iishe kabla ya kuvuna, ila mboga zinazoliwa mbichi zinahitaji mikono, kinu na maji safi tangu mwanzo wa kazi.

Sasa tufanye hesabu ambayo miongozo mingi huiruka. Ekari moja ya nyanya zilizopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50 ina miche ipatayo 13,000. Kwa mililita 25 kila mche, unahitaji lita 325 za mchanganyiko, yaani mabomba 20 na ushei, na zaidi ya lita kumi za maji ya mlonge yaliyokamuliwa kwa mkono ndani ya saa tano. Hiyo ni kazi ya watu kadhaa kwa kila awamu, na kwa mahindi, ambayo mimea yake kwa ekari ni mingi zaidi, ni kubwa zaidi ya hapo huku bei ya gunia ikiwa ndogo. Kwa maoni yangu maji ya mlonge yana maana zaidi kwenye kitalu, kwenye bustani ya robo ekari, na kwenye mazao yenye bei nzuri kama hoho na nyanya, kuliko kwenye ekari tano za mahindi. Kitalu hasa ndicho mahali pa kuanzia: bomba moja linatosha miche mamia kadhaa, na mche uliotoka kitaluni ukiwa na shina nene na mizizi mingi huvumilia vizuri siku za kuhamishwa.

Mahindi unaweza kuyafikia kwa njia nyepesi, ambayo ni kuloweka mbegu. Changanya maji ya mlonge kwa kipimo kilekile cha mara 30 hivi, loweka mbegu usiku mmoja, kisha zitandaze kivulini zikauke juu kabla ya kuzipanda siku hiyo au kesho yake. Fanya hivyo kwa mbegu ulizochagua mwenyewe kutoka katika mavuno yako tu. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu, kijani au bluu zimepakwa dawa ya ukungu na wadudu. Ukiziloweka dawa inatoka na kubaki kwenye maji, ambayo ni hatari kwako na kwa kuku wako. Maharage nayo usiyaloweke usiku kucha, kwa kuwa ganda lake hupasuka na mbegu huoza ardhini.

Kwa wakulima wa nyanda za baridi, mfano Lushoto ya juu au Njombe, mlonge hukua kwa shida na haitoi machipukizi ya kutosha. Huko kando ya barabara kumejaa alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano ambao kwa jina la kisayansi ni Tithonia diversifolia, na majani yake mabichi yanafanya kazi nyingine ambayo mlonge haiwezi, nayo ni kulisha. Uchunguzi uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani hayo, yakipimwa makavu, yana naitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1, kiwango kikubwa kwa jani la porini. Yakatekate, jaza nusu ya pipa, ongeza maji hadi karibu na ukingo, funika, koroga kila baada ya siku mbili, na baada ya wiki mbili hivi yachuje na kuyapunguza kwa maji mara mbili au zaidi mpaka rangi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Hayo humwagwa kwenye shina, hayapuliziwi majanini. Mwenye mlonge na alizeti mwitu kwa pamoja anaweza kutumia vyote viwili, kimoja kwa mzizi na kingine kwa jani.

Inabaki kujua kama jasho lako linalipa. Chagua sehemu ya shamba iliyo sawa kwa udongo, mwinuko na kivuli, uigawe katika vipande vinane vya ukubwa mmoja, kila kimoja na angalau mistari mitatu. Viweke viwili viwili, na katika kila jozi rusha sarafu ili kuamua kipi kitapata mlonge, kwa sababu ukichagua kwa macho mkono utaelekea kwenye kile chenye miche mizuri. Kipande cha pili cha jozi usikiache kikavu. Kipulizie maji matupu siku ileile na saa ileile, na kama kwenye mlonge ulitia sabuni, nacho kitie sabuni, kwani katika kiangazi hata ukungu wa maji peke yake unaweza kuuburudisha mmea ukadhani ni homoni. Mbolea, palizi na umwagiliaji viwe sawa kabisa. Wakati wa kuvuna, pima mstari wa katikati tu wa kila kipande, maana ile ya pembeni hupata matone ya jirani. Tumia mizani ya kuning'iniza badala ya kuhesabu ndoo, kwa kuwa ndoo moja inaweza kushindiliwa na nyingine isishindiliwe, na uandike daftarini kila mchumo tangu wa kwanza hadi wa mwisho pamoja na saa ulizotumia kutwanga na kupulizia.

Mwisho wa msimu jumlisha kilo za kila kipande na ulinganishe jozi kwa jozi. Ikiwa vipande vya mlonge vimeshinda katika jozi zote nne, na thamani ya kilo zilizozidi inapita ujira wa saa zile ulizoandika, ongeza eneo msimu ujao. Ikiwa vimeshinda viwili na kushindwa viwili, au tofauti yake ni ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya vipande vya maji matupu vyenyewe kwa vyenyewe, bado hujapata jibu. Tunza daftari, angalia umri wa machipukizi uliyotumia na muda uliopita kati ya kukamua na kupulizia, kisha rudia kwenye vipande vilevile nane kabla ya kukata ua wote wa mlonge kwa ajili ya shamba zima.